Jino la Juu na Jicho la Kushoto

Nilipokuwa darasa la tano kule Busawe, kila mtu alijua kwamba jino la juu haling'olewi. La chini, sawa. La juu lina mshipa unaopanda mpaka jichoni. Ukiling'oa, jicho linapofuka. Bibi alikuwa na ushahidi wake: mzee jirani yetu, mwenye jicho moja bovu na pengo juu. Hakuna aliyewahi kuuliza kipi kilitangulia.

Kwa hiyo jino langu la juu, upande wa kushoto, lilipotoboka na kuanza kuuma, niliwekewa karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, nikalia. Kisha asubuhi moja niliamka, maumivu hayapo. Nikatafuna muhogo upande ule ule huku nacheka.

"Si nilikwambia?" Bibi alisema. "Jino ni kama mtoto wa kudeka. Ukiacha kulibembeleza, linanyamaza."

Tulifurahi nyumba nzima. Leo najua tulikuwa tunashangilia msibani.

Wiki chache baadaye shavu lilianza kujaa. Likawa la moto, uvimbe ukapanda kando ya pua, na asubuhi moja jicho la kushoto likakataa kufunguka.

"We Robhi," kaka yangu Chacha alisema, "umekuwa bundi."

Hakuna aliyecheka. Bibi alinishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akaniangalia kwa muda mrefu. Jino lilikuwa mahali pake, hakuna aliyeligusa. Na jicho lilikuwa limefungwa.

"Marwa," akamwita baba, mwanawe. "Mpeleke huyu Mugumu, hospitali."

"Mama, wataling'oa."

"Nimesema mpeleke. Na mimi nakuja."

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana. Alimwamkia Bibi shikamoo, akanitazama mdomoni, kisha akatueleza polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Ndani ya jino kuna mshipa laini, ndio unaouma. Vijidudu visivyoonekana kwa macho viliingia kwenye tundu, vikaushambulia mpaka ukafa.

"Ulipokufa, maumivu yakaisha," alisema. "Lakini vijidudu havikuondoka. Vimepita mpaka kwenye ncha ya mzizi, huko juu, na usaha umejaa. Sasa unatafuta pa kutokea."

"Unatafuta jicho," Bibi alisema.

"Umeelekea huko, bibi. Ndiyo maana hatuwezi kuliacha jino."

Bibi aliligusa shavu langu kwa kidole. "Kwa hiyo njia ipo."

"Njia ipo. Ila anayeipita ni usaha."

Nilichomwa sindano ya ganzi. Bibi alinishika miguu, akafumba macho yake mwenyewe. Jino lilipotoka, usaha ulifuata, wenye harufu mbaya, na ule mgandamizo usoni ukalegea. Nikapewa vidonge na onyo la kuvimaliza vyote, hata nikijiona nimepona.

Tuliporudi nyumbani, kila asubuhi Bibi alinifunika jicho la kulia kwa kiganja, akainua mkono mwingine mbele yangu. "Vidole vingapi?" Mwanzoni sikuona kitu, na niliona aibu kumjibu. Kisha siku moja kope ziliachana.

"Viwili, bibi. Na kimoja kina ugali."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Kabla ya mavuno alikwenda Mugumu tena, safari hii kwa jino lake mwenyewe, la juu, ambalo hakuwahi kutuambia kwamba linamsumbua. Aliporudi na pengo, alisimama zizini, akajifunika jicho moja, akahesabu mbuzi wetu kwa sauti kubwa ili majirani wasikie.

Sasa mimi ni mwalimu wa miaka mingi. Mzazi akinieleza habari ya jino na jicho, simcheki. Aliyenifundisha hofu hiyo ndiye aliyenipeleka kutibiwa. Na mtoto akiniambia, "Mwalimu, jino limeacha kuuma lenyewe," simpongezi. Namwomba afungue mdomo, namshika kidevu, na namgeuza uso taratibu kwenye mwanga wa mlango.