Songa Kidogo

Nimerudi Golbanti na hasira zangu, na asiniambie mtu nipoe. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, ameziba malka kwa miba. Malka ni njia pana ya ng'ombe kushukia mtoni kunywa, ipo kando ya shamba letu, na sisi Wapokomo tunafundishwa tangu utotoni kwamba hailimwi. Yeye ameilima.

Mimi nililelewa na malka ile. Kila kiangazi alishuka nayo mama mmoja wa Kiorma, rafiki ya mama yangu, na ng'ombe wake na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi. Mama alimpa mchele na ndizi. Mimi aliniita mwanangu. Mimi na watoto wake tulipiga maji kwa makuti ili mamba wakae mbali ng'ombe wanywe, tukarudi nyumbani na tope hadi masikioni. Nautamani utoto ule hadi leo.

Sasa nimepita arubaini, naishi Hola, nakuja siku mbili tatu kama mgeni.

"Ng'ombe wa yule mama wanywe wapi?" nilimfokea mdogo wangu.

Alikuwa akipalilia mahindi katikati ya njia, wala hakuinua kichwa. "Wazunguke. Mto umekula nusu ya shamba upande ule, hilo hulioni? Mimi pia nina watoto."

"Umeliwa na mto, unalipiza kwa ng'ombe?"

"Dada, acha kelele. Alama ya mpaka alikuwa nani?"

Nikamgeuzia mgongo.

Alama nilikuwa mimi. Mafuriko yalipopungua, udongo mpya ukiwa umefunika kila kitu, baba alinisimamisha penye mpaka, chini ya mkuyu, apande migomba kwa kunitazama. Alipofika kwangu alisema, "Songa kidogo." Nikasonga hatua moja, mbili, kuelekea malka. Mwaka uliofuata, tena. Nami nilijiona mkubwa, nimepewa kazi ya watu wazima! Malka haikuliwa siku moja. Niliila kwa miguu yangu, mdogo wangu amemalizia tu. Nilimkasirikia baba aliye kaburini, nikajikasirikia mwenyewe zaidi.

Alasiri yule mama akaja. Amezeeka sana, fimbo mkononi, ng'ombe wanane nyuma yake wakihema kwa kiu. Alifika kwenye miba akasimama. Alinitambua, akatabasamu kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake.

"Hodi, mwanangu," akasema. "Sisi naweza pita?"

Hodi! Mwanamke aliyeninywesha maziwa anapiga hodi kwenye mto! Niliivuta ile miba kwa mikono mitupu, ikanichana, nikalia kwa hasira mbele ya ng'ombe. Kisha nikapita katikati ya mahindi hadi kwenye mkuyu, nikasimama pale nilipokuwa nikisimamishwa kabla ya hatua ya kwanza.

"Mpaka ni hapa," nikasema. "Pita, mama."

Ng'ombe walinusa maji, wakaingia kwa pamoja, upana wote wa njia. Mdogo wangu akaja mbio, jembe begani, sauti ni ile ile ya baba.

"Songa kidogo, dada! Wanamaliza mahindi! Songa kidogo tu!"

Sikusonga.