Mkanda Mweusi wa Mama

Dawa ya kuchua ina harufu isiyotoka kwenye nguo hata uifue vipi. Ni kafuri, mnanaa, na kitu kingine kikali kinachofika puani kabla hakijafika mgongoni. Jioni nikishafunga kibanda, nikajipaka na kujilaza, harufu hiyo hunirudisha Voi ya utotoni mwangu, kando ya barabara ya Taveta, ambako niliamini kwa moyo wote kwamba hivyo ndivyo mabingwa wa karate wanavyonukia.

Usicheke bado. Ngoja nikueleze.

Kaka yangu Mwadime alikuwa mteja wa kudumu wa banda la video, chumba cha mabati nyuma ya stendi, ambako sinema za karate zilioneshwa mchana kutwa huku jamaa mmoja mwenye maikrofoni akizitafsiri kwa Kiswahili chake mwenyewe. Kila Jumamosi Mwadime alirudi na maneno mapya, na maneno hayo hayakuishia kwenye ngumi na mateke. Mtu yeyote mtaani aliyejua kufanya jambo vizuri alipewa staili yake. Jirani yetu Mama Mutua, aliyekuwa akikamata kuku kwa mkono mmoja bila kukatiza mazungumzo, alikuwa na Staili ya Mwewe. Kinyozi alikuwa Upanga wa Kimya. Mimi muosha vikombe nilipewa mkanda mweupe, yaani mwanafunzi wa chini kabisa. Yeye mwenyewe alijipa wa kijani kwa kuweza kuwasha jiko la makaa siku ya upepo, na kama unaujua upepo wa Voi, na lile vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye chumvi, utakubali kwamba aliustahili.

Mkanda mweusi ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wa Mama.

Mama alipika chapati kwenye kibanda chetu, na alizigeuza kwa ncha za vidole, bila mwiko. Si uchawi. Kwanza unaizungusha chapati ili ijiachie kwenye kikaango, halafu unaibana pale ukingo ulipoinuka na kuigeuza kabla kidole hakijapata habari. Ukisita tu, unaungua. Madereva wa malori ya ndizi kutoka Taveta walisimama kwa ajili ya chapati hizo.

"Sensei, mbili na maharagwe!" waliita, maana Mwadime alishawaambukiza neno hilo la sinema, yaani mwalimu wa karate.

"Sensei ndiye nani?" Mama alijibu bila kugeuka. "Mimi ni Mama Mwadime. Kunywa chai, inapoa."

Lakini mkanda aliuvaa. Kilikuwa kitambaa kirefu cheusi alichokikata kwenye pazia kuukuu, na alijifunga kiunoni kila asubuhi, chini ya leso. Mwadime alishika ncha moja, mimi nyingine, tukavuta.

"Kaza," alisema. "Kazeni, msinionee huruma."

Alitoa pumzi polepole kati ya meno. Mwadime alinieleza kwamba hiyo ni pumzi ya nguvu, ile ambayo mabingwa huitoa kabla ya pambano. Kisha tulikutanisha viganja na kumwinamia. Mama hakuinama, alitikisa kichwa tu. "Bingwa hamwinamii mwanafunzi," Mwadime alisema, nami nikaona ni haki. Kitu kikianguka, hakukiokota. "Okota, mkanda mweupe," alisema, nasi tukagombania kukiokota, kwa sababu tulijua hayo ni mafunzo.

Hakuna kitu nilichokitaka siku hizo kama ule mkanda. Nilimsumbua Mama mpaka akachoka. "Siku ukigeuza chapati bila kulia," aliniambia, "utauvaa."

Kisha ikaja Jumamosi ya arusi. Watu wa kanisani walikuwa wameagiza chapati zote kwetu, zifike kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akikata madonge. Alipotaka kusimama, hakusimama. Alijaribu tena. Alishika meza, akautazama ukuta kitambo kirefu kama mtu anayesoma kitu pale.

"Nikusaidie kuwaambia watafute mwingine?" Mama Mutua alimuuliza.

"Wakitafuta mwingine leo, hata kesho watakuwa kwake," Mama alisema. Akanigeukia. "Wakesho, vua sweta. Leo ni mtihani."

Mwadime alimsaidia kulala chali juu ya mkeka, nyuma ya magunia ya makaa. Akiwa pale chini akaufungua mkanda na kunifunga mwenyewe. Ulinizunguka mara tatu, wenye joto lake na harufu yake. Mama Mutua alisukuma, Mwadime akapuliza moto, mimi nikageuza.

"Usiiogope," sauti ya Mama ilitoka sakafuni. "Ukiiogopa itakung'ata. Zungusha kwanza. Haya, sasa."

Niliungua vidole vyote ninavyovitumia kushika kalamu. Sikulia. Machozi yaliyonitoka yalikuwa ya moshi, na Mwadime ni shahidi. Dereva mmoja alichungulia akapiga makofi: "Aisee, kumbe kuna Sensei mdogo!" Nilipouliza mbona Mama amelala wakati wa pambano, Mwadime alinijibu kwa uhakika kabisa kwamba mabingwa wakubwa hupigana wakiwa wamefumba macho. Mabeseni ya chapati yaliondoka kabla jua halijafika utosini.

Usiku ule nililala na mkanda. Asubuhi Mama aliniita.

"Lete ule mkanda."

"Si nilipita?"

"Ulipita."

"Basi ni wangu."

"Ni wako," alisema, akanyoosha mkono. "Niazime."

Nikampa huku nalia. Nilivuta ncha yangu kama kawaida, lakini siku hiyo sikumwinamia.

Miaka imepita. Kibanda sasa ni changu, na mgongo pia. Mwaka nilioanza kujifunga kitambaa nilikwenda kwa Mama kijijini Mraru, anakoishi tangu aache kupika, nikamwambia nimejua ule mkanda ulikuwa wa nini.

"Kumbe ulidhani ni wa nini?" akacheka.

"Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini, watoto wadogo? Kwamba mama yenu anavunjika? Nyinyi mlisema mimi ni bingwa. Nikaona, haya, bingwa anaweza kufika jioni."

Binti yangu, Mghoi, ndiye anayenivutia ncha siku hizi. Nilimweleza ukweli mapema, kwamba kitambaa ni cha mgongo, na mgongo unauma. Alifikiri kidogo.

"Lakini bado wewe ni Sensei?"

"Nimechoka, mwanangu. Lakini ndiyo."

Akakutanisha viganja, akaniinamia. Nami nikashika meza, nikainama mpaka pale mgongo uliponikatalia.