Kufungwa Mara Mbili kwa Kibuyu Kimoja

Babu yenu alifungwa mara mbili kwa kibuyu kimoja cha maziwa ya ngamia, wallahi. Mimi nilikuwa bibi arusi mpya, meno yote yapo, na mdomo ni huu huu.

Ilikuwa vita ya shifta, wale waasi wa porini. Vijana wanne wenye bunduki walimkuta kisimani, njia ya Modogashe, wakasema, tupe maziwa. Angefanya nini, awaambie ngojeni nimuulize DC? Akawapa. Mtu akamchongea. Korti ya Garissa ikamfunga miezi sita kwa kulisha shifta. Alitoka mbavu zinaonekana zote, mgongo umechanwa na kiboko.

Wazee wakakaa, wakasoma Fatiha, wakasema hii kesi tumeizika. Kwetu kesi ikizikwa hakuna mtu anaitaja tena, hata mwenyewe. Ukiitaja, wewe ndiye mkosaji.

Mwezi haujaisha, askari wengine hao! Hawa ni wa Isiolo. Eti kile kisima kiko upande wao, Garissa haikuwa na haki ya kumhukumu. Wakamchukua, nikawafuata mpaka korti ya Isiolo juu ya lori la mbuzi.

Mkalimani wa korti alikuwa mtu mzuri. Akaniambia, "Abaayo, dada yangu, aseme tu alishafungwa. Hakimu atamwacha."

Basi hakimu akauliza, "Ulishahukumiwa kwa jambo hili?"

Babu yenu wima kama nguzo. "Hapana."

Ya Rabi! Neno moja tu na tungerudi naye nyumbani! Hakimu ameweka kalamu chini, anangoja. Nikaruka kutoka kwa benchi.

"Amefungwa Garissa! Miezi sita! Muangalieni mgongo!"

"Nani huyo?"

"Bibi yangu," babu yenu akasema. "Ni mtoto. Anaongea tu."

"Na huo mgongo?"

"Nilianguka."

Korti nzima ikacheka, hata mimi kidogo, nisiwadanganye. Askari akanisukuma nje. "Toka, kasuku!" Kwa dirisha nikasikia: mwaka mmoja, na viboko kumi.

Akapitishwa akiwa na pingu. Nikamshika kikoi. "Kwa nini umekataa?"

"Hao wananipiga tu," akasema. "Wewe umefukua kesi iliyozikwa, umeniaibisha."

Akavuta kikoi chake kutoka mkononi mwangu, akapanda lori mwenyewe, bila kusukumwa.