Nilijiunga na kikundi cha waandishi Wakatoliki hapa Dodoma, swali moja likanifunga mdomo

Wakuu, mbukwenyi, salamu za Kigogo kutoka Dodoma.

Haya yamenikuta mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote yako kama yalivyotokea.

Mimi ni mtumishi wa serikali, ofisi yetu iko Mtumba. Kutwa naandika madokezo na mihtasari ya vikao. Ila miaka yote nilitamani kuandika kitu kitakachosomwa na mtu asiyelipwa kukisoma.

Siku moja baada ya Misa likatoka tangazo: Wakatoliki wanaopenda kuandika wakutane Jumamosi saa nne asubuhi, chumba cha cherehani nyuma ya kanisa.

Nikaenda nikitegemea umati. Tulikuwa watano, ukimhesabu na fundi cherehani aliyegoma kutupisha.

Kiongozi ni Mama Yustina, mwalimu mstaafu. Nikamwamkia, nikamwambia makala yangu iko tayari.

"Wote wanaokuja hapa zao ziko tayari, mwanangu. Kaa."

Utaratibu wao ni huu. Kazi yako inasomwa na mwenzako, wewe unanyamaza. Hakuna kusifiana. Kila mtu anauliza swali moja tu, na wewe huruhusiwi kujibu pale pale. Unaenda kujibu nyumbani, kwa kalamu.

Kwa mtu wa vikao kama mimi, kunyimwa nafasi ya "kutoa ufafanuzi" ni adhabu kamili.

Sasa makala yenyewe. Baba alikuwa mkulima wa karanga Kongwa. Alikorofishana na mwenyekiti wa jumuiya yake, akaacha kwenda. (Kwa wasio Wakatoliki: jumuiya ni familia jirani zinazosali pamoja kila wiki, na ndizo zinazokutambulisha parokiani.) Alipofariki, viongozi wakasema hawamtambui. Padre hakuja. Tukamzika baba bila Misa.

Iliniuma sana. Miaka mitatu nimetembea na hasira na yule mwenyekiti. Makala ilimtaja kwa jina, na mpango ulikuwa niimwage humu humu jukwaani jioni ile. Kwamba mama bado anasali jumuiya hiyo hiyo, wala sikufikiria.

Deo, mwanafunzi wa chuo, akaisoma. Dogo anasoma vizuri, nikajiona mkali kweli kweli.

Yakaja maswali. Deo akauliza baba alipenda kula nini. Sista mmoja wa kikundi akauliza mwenyekiti ana umri gani. Fundi naye, bila kuinua macho kwenye gauni alilokuwa akishona, akauliza kaburi liko upande gani wa shamba. Nikasema moyoni, hawa watu vipi?

Mama Yustina akawa wa mwisho.

"Baba yako hakuwahi kutaka kurudi?"

Wakuu, alitaka.

Miezi miwili kabla hajafa, baba alinipigia simu. Alisema, "Nataka kurudi jumuiya. Njoo unisindikize kwa mwenyekiti, peke yangu naona aibu."

Kilikuwa kipindi cha bajeti. Nikamwambia, "Baba, Bunge likiisha nakuja."

Kongwa si mbali. Unaenda asubuhi, jioni umerudi. Sikwenda. Na sikuwahi kumwambia mtu, hata mama.

Nikafungua mdomo nijitetee. Mama Yustina akaweka kidole midomoni.

Wiki mbili nikawa naandika na kufuta. Kila nikianza linatoka dokezo: "kutokana na majukumu ya kikazi." Majukumu gani? Nilimpuuza baba yangu, basi. Mwishowe nikaandika alivyosema na nilivyomjibu, neno kwa neno. Jina la mwenyekiti nikalitoa, nikaweka langu.

Jumamosi iliyofuata sikwenda kikundini. Nilikwenda Kongwa, nikamsomea mama akiwa anamenya karanga. Niliogopa kuliko siku ya usaili wa kazi.

Nilipofika kwenye ile simu, mikono yake ikasimama.

"Rudia hapo aliposema anataka kurudi."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

"Miaka yote hii namwombea nikijua alikufa ameshupaza moyo," akasema. Halafu akalia. Nami nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Baadaye akasema kwa sauti ya chini, "Ungeniambia, mwanangu."

Nilichojifunza: hasira yangu ilikuwa ya haki, na mpaka leo naona viongozi wale walikosea. Ila kwa kuficha aibu yangu nilimficha mama habari njema pekee iliyobaki ya mume wake. Mwenyekiti alimnyima baba Misa. Mimi nilimnyima mama usingizi.

Ile karatasi mama hakunirudishia. Ameikunja, kaiweka ndani ya kitabu chake cha sala.

Uwanja ni wenu wakuu, ila kwa utaratibu wa Mama Yustina: kila mtu swali moja, nami sitajitetea.