Pilipili ya Mchana

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, koko alitoka Wamaza kwa miguu, mkeka wake kichwani, akaja kulala kitandani kwangu. Koko ni nyanya, mama wa mama yangu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu enzi za Wabelgiji: mwanamke akijifungua, mume anahamia chumba cha mbele, nyanya anachukua nafasi yake mpaka mtoto atembee. Nilikuwa mwanamke mzima, nimepita miaka ishirini, nina nyumba yangu karibu na Kasongo na mume niliyemchagua mwenyewe. Lakini nililala upande wa ukutani kama msichana, koko upande wa nje, anakoroma na bado anasikia kila kitu.

Mume wangu alilipokea jambo hilo kwa utani. Kila asubuhi alimsalimu koko kwa malalamiko.

"Muke wangu mukubwa, umelala muzuri kwa kitanda yangu?"

"Muzuri sana, bwana yangu," koko alimjibu. "Na weye, mukeka haikukuumiza mbavu?"

Nyanya na mume wa mjukuu hutaniana bila mpaka. Mambo ambayo mama yangu asingeyatamka hata kwa kupigwa, koko aliyasema huku akipepeta mchele.

Katazo lenyewe, hata hivyo, halikuwa utani. Kulala na mume kabla mtoto hajatembea ni kumbemenda mtoto: maziwa yanaharibika, mtoto anakonda, anakufa. Dada yangu alimzika wa kwake, na watu wakasema amembemenda. Hakuna aliyemuuliza kama ni kweli. Tangu kilio hicho hakumpakata tena mtoto wa mtu. Alipokuja kumwona wangu, alisimama mlangoni na kumtazama kwa mbali, mikono nyuma. Niliapa kwamba hilo halitanipata mimi.

Miezi ikaenda. Mume wangu alilima pamba kama wanaume wote, maana moniteri wa pamba, msimamizi wa Wabelgiji, hakujua udhuru wa mtu, na akirudi mchana alinitazama kwa jicho lile. Mimi pia nilimtazama, nisijifanye mtakatifu. Tukaanza mashauri jikoni: kilichokatazwa hasa ni nini? Ni kuingiliana. Basi mkono umekatazwa? Na mgongo je? Hakuna aliyewahi kutuambia, na sisi hatukuwa na haraka ya kuuliza.

Mchana mmoja koko alimbeba mtoto mgongoni, akaenda mtoni kuloweka muhogo. Mume wangu alikuwa amemaliza kula bugali na samaki wa Nyangwe, na pilipili mbichi aliyokuwa na kawaida ya kuiponda kwa vidole juu ya sahani mpaka machozi yamtoke. Akasuuza mikono kwa maji kidogo. Akaniita chumbani, akafunga mlango.

Sitasimulia yote, watoto wangu wanajua kusoma. Niseme tu kwamba hatukuvuka mpaka. Alinikanda mabega, shingo, kifua, akashuka taratibu, nami sikukaa bure. Tulicheka sana, tukizibana midomo. Halafu joto likaanza kunipanda. Nikawaza, kumbe mapenzi yakikaa muda mrefu yanakuwa hivi! Nikamwambia ana mikono ya moto. Akajivuna kweli. Joto likazidi, likawa moto, kifuani na mahali pengine nisipopataja, nikaruka kutoka kitandani kutafuta maji. Maji hayakusaidia chochote.

Nilikuwa nimejifunga tu kitenge koko aliporudi. Mtoto alikuwa na njaa, nikampa titi. Alivuta mara moja, akaliachia, akapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwake. Nikampa la pili, ikawa vilevile. Alikohoa, akajinyonganyonga mikononi mwangu, machozi yakimtiririka.

Maziwa yameharibika, nikasema moyoni. Mwili wangu unawaka, mtoto anakataa kunyonya. Nilitaka ushahidi gani tena? Nilimwona dada yangu pale mlangoni, mikono nyuma. Nikalia kwa sauti na kumwambia koko kila kitu, huku mume wangu akitazama vidole vya miguu yake.

Koko hakunigombeza. Alimchukua mtoto, akamfuta midomo.

"Aliingia?"

"Hapana, koko."

"Mbegu yake ilimwangika wapi?"

"Kwa mukeka. Mbali."

Akapitisha kidole kifuani mwangu, akakilamba. Akakunja uso, akamgeukia mume wangu.

"Bwana yangu, leo ulikula nini?"

"Samaki," alisema kwa sauti ndogo. "Na pilipili."

Koko alikaa chini kabisa, sakafuni. Alicheka mpaka kilemba kikamwanguka, akacheka mpaka mtoto akanyamaza kumshangaa. Kisha akamtuma mume wangu alete mafuta ya mawese, akanipangusa kifua kwa mafuta, halafu sabuni na maji ya uvuguvugu. Huko kwingine aliniachia nijipanguse mwenyewe. Jua lilipoanza kushuka, mtoto alinyonya mpaka akalala na titi mdomoni.

Hapo ndipo koko alipotuweka wote wawili mbele yake.

"Mie niko nachunga mutoto, sichungi mikono yenu. Mutoto hawezi kufa sababu ya mukono ya baba yake. Lakini mukono iwe safi: sabuni, na kama sabuni hakuna, majivu. Makucha mukate. Mbegu isikaribie mulango hata kwa inje, ile inajua kutembea kuliko mutoto wenu. Na weye, bwana yangu, siku utaenda kibarua kwa machimbo ya Salamabila na utarudi na kidonda, ao unakojoa kwa maumivu, usimuguse hata kwa muchezo, mupaka mupite kwa munganga wa dispansere wote wawili. Kidonda hainaga haja ya kuingia."

Mume wangu aliitikia kila neno kama mtu anayekariri misa. Kuanzia siku hiyo kulikuwa na beseni na sabuni kando ya mlango, na majirani walimsifu kwa usafi wake. Mimi nikisikia maji kwenye beseni, niliepua chungu.

Dada yangu alipokuja tena, mimi nikiwa nimempakata mtoto, alikuta kicheko hicho bado kinatembea nyumbani. Akauliza, naye koko akamsimulia yote, pilipili na kilemba. Dada yangu alicheka akiwa amesimama palepale mlangoni, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Kisha akaacha ghafla.

"Na wangu, koko?"

Koko aliweka ungo chini.

"Wako alikuwa na homa, mwana wangu. Homa tu. Nilisema siku ile, hakuna mutu alinisikia."

Dada yangu aliinama kwenye beseni la mume wangu, akanawa mikono kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Kisha akaingia ndani, mikono ingali inachuruzika maji, akaninyooshea.

"Nipe," alisema.