Kapu la Maua la Mama Diwani

Hadi leo, mwezi wa sita ukiingia na vumbi la kijiji cha Bukiriro likaanza kutua juu ya migomba, moyo wa Restuta hurudi kwenye kapu lake la maua. Miaka ile, jamani! Sikukuu ya Ekaristi wasichana walivaa meupe, naye mbele yao akirusha petali njiani, ili Padre apite na Sakramenti hadi barabara kuu na kurudi. Alianza akiwa na miaka saba. Hata alipochaguliwa diwani hakumwachia mtu kapu, na udiwani wenyewe, tusidanganyane, alipewa na kina mama wa kanisani.

Mwaka wa tisini na nne wakimbizi wakafurika kutoka Rwanda. Juma lile la sikukuu, kuhara damu kukaingia kambini mwao. Mganga wa zahanati akamwendea Restuta: watu wakikusanyika maelfu, wenyeji na wageni, wakichota maji pipa moja, mtazika. Neno la kuzuia maandamano ya sikukuu likawa lake.

Alikwenda kwa Padre Fideli na barua ya katazo mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele na milele." Mzee hakuinua macho. "Restuta, mtoto niliyembatiza mwenyewe, unamfungia Bwana njia? Si uliapa udiwani ukishika Biblia?"

"Niliishika, Padre, nikaapa kuwalinda watu. Wakifa kwa maandamano yetu, nitamwambia nini huyo Bwana?"

"Basi na kapu uliache. Watabeba wengine."

Aliache! Kapu la miaka thelathini! Alilia njia nzima, na anayemcheka hajawahi kupenda kitu. Lakini barua hakuirarua. Kesho yake aliibandika mwenyewe kwenye mlango wa kanisa.

Jumapili ya sikukuu, baada ya misa, kina mama walimpita kama hawamjui. "Udiwani umemlevya," Speciosa alisema kwa makusudi, asikie.

Maua alikuwa ameshayachuma tangu asubuhi. Mazoea yana taabu. Akajitwika kapu, akashuka hadi makaburi ya wakimbizi. Mengi yalikuwa mafupi, udongo bado mbichi. Akaanza kurusha petali kaburi kwa kaburi, akiimba wimbo wa sikukuu peke yake, sauti ikimkatikakatika.

Ubeti wa pili, mtu akamwitikia kutoka nyuma. Alikuwa Padre Fideli, kitambaa cha stola shingoni, amekuja kuzika watoto wawili. Waliimba wote hadi mwisho, bila kutazamana.

Kapu lilipobaki na konzi moja ya maua, mzee akalipokea, akayarusha maua yale ndani ya shimo lililokuwa wazi. Kisha akamrudishia kapu mikononi.

"Mwakani," akasema, machozi yakimlengalenga, "utanitangulia na kapu lako, Mama Diwani."