Kina cha Dimbwi Chini ya Maporomoko

Kiangazi kilichopita nilipima dimbwi lililo chini ya maporomoko ya maji, karibu na Kilimarondo, kwa kamba niliyoifungia jiwe. Nilipima sehemu tano, na hakuna palipozidi kifua changu. Mvua zilipokwisha nilimpeleka mke wangu kuyaona. Aliponiuliza kama anaweza kuingia, nilimjibu, "Ingia tu, nimepima mwenyewe."

Alijifunga kanga vizuri, akapiga hatua tatu, akazama. Mafuriko yalikuwa yamekomba mchanga wote wa chini. Mimi sijui kuogelea. Nilisimama juu ya mwamba nikiuona mkono wake ukitokeza na kupotea, huku nikiita jina lake.

Mama mmoja aliyekuwa akifua pale alimrushia ncha ya kanga, mke wangu akaidaka, akavutwa hadi ukingoni.

"Wewe baba, unaita nini?" yule mama alinifokea. "Ataitika akiwa humo ndani?"

Mke wangu alikaa akikohoa maji. Nilimwambia nimekosa. Maporomoko yalikuwa yakinguruma, naye akaweka kiganja sikioni. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akatikisa kichwa kwamba hasikii.